Mama Anataka Maneno Yake

Dodoso alishakaa mbele ya watu wagumu wengi. Alishakaa mbele ya mganga wa zahanati aliyejibu kila swali huku akiangalia dirishani, na mbele ya mzee mmoja aliyemwambia atamjibu akiamka, kisha akalala kweli. Lakini hakuna kiti kilichomchoma kama kochi la sebuleni kwa mama yake Fundi, Jumamosi ile alasiri, ingawa lilikuwa laini kuliko makochi yote ya mtaani. Fundi mwenyewe ndiye aliyelitengeneza.

Fundi alikaa upande wa pili, kando ya mjomba wake, shati limepigwa pasi mpaka mikono imesimama kama mbao. Kila Dodoso alipoinua macho aliyakuta ya Fundi yanamngoja, na yalipokutana wote wawili waliangalia chini kama watu walioibiana kitu. Mama mtu aliona. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule; jicho lake lilizoea kuuona uzi uliochomoza kabla mwenye nguo hajauona.

Fundi alikwisha kusema lake. Alisema kwa ufupi, kama mtu anayeruka moto: mama, mjomba, huyu ndiye niliyemchagua. Kisha sebule ikanyamaza.

Kwenye mafunzo ya utafiti walifundishwa wasikatize kimya cha mtu. Kiache, waliambiwa, ndani yake mna jambo. Lakini kile kilikuwa kimya cha mama mkwe, na hakuna mafunzo ya kimya cha namna hiyo. Mdomo wa Dodoso, uliozoea kufungua kila mazungumzo kwa maneno yale yale, ukafunguka wenyewe.

"Mama, kabla hatujaanza, una haki ya kutojibu swali lolote. Unaweza pia kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na hutapata madhara yoyote."

Mjomba alicheka mpaka akashika magoti. "Mwanangu, umekuja kutambulishwa au umekuja kutuhesabu?"

Fundi naye alicheka, kwa huruma zaidi kuliko kwa furaha. Dodoso alitamani kochi limmeze, sponji na misumari yote. Mama peke yake hakucheka. Alimtazama msichana yule kwa makini, kama anayempima kwa futi.

"Rudia hapo pa kujitoa," alisema.

*

Miezi michache kabla ya hapo, Dodoso alikuja mtaani na wenzake, wahitimu wapya wa chuo, kwenye mafunzo ya kuwa watafiti. Yalikuwa mafunzo ya aina yake. Walifundishwa kutafiti pamoja na watu badala ya kuwatafiti watu. Swali linakubaliwa na mtaa kabla halijaulizwa, na matokeo yanasomwa kwanza pale pale mtaani, barazani, mbele ya waliotoa maneno yao, kabla hayajaenda ofisi yoyote. Swali la kwanza alilokuja nalo Dodoso lilikataliwa na kamati ya mtaa. Akaleta la pili, likakataliwa. Hapo ndipo alipopata jina lile, Dodoso, na alipolicheka pamoja nao wakampa swali lao wenyewe: kwa nini kina mama wetu wanachelewa kufika zahanati siku ya kujifungua?

Mama yake Fundi alikuwa wa kwanza kukubali kuhojiwa. Binti yake, dada mkubwa wa Fundi, alifariki akijifungua. Siku ya mahojiano mama alifunga mlango wa chumba cha kushonea, akazungumza mpaka kikombe cha chai kikapoa bila kuguswa. Aliyoyasema hayamo humu. Mwenyewe alikuja kuyadai, kama mtakavyoona, na msimulizi naye ana adabu zake.

Wakati huo Dodoso hakumjua Fundi hata kwa sura. Alikuja kumjua baadaye, kwenye ukumbi wa mtaa, akivalisha upya viti huku kamati inakutana na nyundo yake inaipita sauti ya mwenyekiti. Dodoso alimwendea kumwomba apumzike kidogo.

"Nitapumzika," Fundi alimwambia, misumari ikiwa mdomoni. "Lakini mbona mimi huniulizi maswali?"

"Utafiti wangu ni wa wanawake waliojifungua."

"Basi nitasubiri utafiti unaonihusu."

Alisubiri kweli, na hakusubiri sana. Mapenzi ni kama mvua ya jua; yanakukuta katikati ya uwanja, umevaa vizuri, huna pa kujificha. Dodoso alipofahamu kwamba yule mama aliyemlilia kwenye mahojiano ndiye mama yake Fundi, walikuwa wamekwisha kulowa.

*

"Siku ile," mama alisema sebuleni, "nilikulilia wewe kama mtu anavyomlilia mgeni. Mgeni ana faida moja, anaondoka. Unamwambia, anabeba, anakwenda nayo, unabaki mwepesi. Sasa wewe unataka kubaki."

Fundi alifungua mdomo. Mama akamwinulia kidole, na kidole kikatosha.

Aliendelea kwa sauti ya chini, isiyo na ukali, na ukosefu huo wa ukali ndio uliotisha. Alisema hana ugomvi na elimu ya msichana wala ukoo wake. Ila hawezi kuwa na mkwe anayemletea maji ya kunywa huku machoni pake yanaelea yale aliyomwambia. Kwa hiyo kuna mambo mawili. Dodoso akimwacha mwanawe, basi maneno abaki nayo, ayasome barazani, yasaidie mabinti wa wengine. Akimng'ang'ania, ayarudishe yote, hata neno moja lisibaki. "Umesema mwenyewe ninaweza kujitoa. Na sababu sidaiwi, ila nimekupa."

Dodoso alijua uzito wa alichoambiwa. Ripoti yake nzima ilisimama juu ya mahojiano yale kama meza ya mguu mmoja. Wanawake wengine walizungumzia umbali, usafiri, wauguzi wenye midomo. Mama huyu peke yake alisema lile ambalo wote walilizunguka. Na baraza lilikuwa linakaribia.

Alimwangalia Fundi. Fundi alikuwa amekunja uso, si kwa hasira, bali kama mtu aliyesikia kwamba nyumbani kwao kuna chumba ambacho hajawahi kuingia.

"Maneno ni yako, mama," Dodoso alisema. "Nitakurudishia. Lakini mwanao si wa kubadilishana na maneno. Yeye simrudishi."

Mjomba alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa na ugonjwa.

"Wewe umelelewa wapi?" mama aliuliza.

"Nimelelewa vizuri, mama. Ndiyo maana nakuambia mbele yako."

*

Fundi alitangulia mbele njia nzima mpaka karakana yake. Huko, katikati ya mifupa ya makochi na harufu ya gundi, alichukua koleo akaanza kung'oa pini kwenye kiti cha zamani, moja baada ya nyingine, kwa nguvu ambayo kiti hakikuistahili.

"Alikuambia nini?"

Dodoso alilitarajia swali hilo tangu sebuleni, na bado lilimpiga kama la ghafla. Akamjibu kwamba hawezi kusema. Fundi akauliza tena kwa upole, kisha kwa kubembeleza, kisha akalitupa koleo. Alisema yule alikuwa dada yake. Ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Siku alipofariki, yeye Fundi alikuwa mbali akijifunza kazi, akarudi akakuta kaburi na watu wasiotaka kumwangalia. Alimuuliza mama mwaka hadi mwaka, na kila mara mama alijibu kwamba kazi ya Mungu haina makosa, akarudi kwenye cherehani.

"Kisha amekuja mtu na kinasa sauti, akaambiwa yote kwa alasiri moja," alisema. "Na mtu huyo anataka nimuoe."

"Ndiyo, anataka."

"Niwe nalala kando ya mwanamke anayejua dada yangu alikufaje, na mimi sijui?"

Dodoso alimsogelea. Kulikuwa na kipande cha sponji kimemnasa Fundi kwenye nywele, na mkono wake ulitamani kukitoa, mkono ulioumia kwa kutamani. Akaurudisha.

"Nikikuambia leo la mama yako," alisema, "kesho utaniamini na lipi lako?"

Mwanaume aliyebanwa hutafuta mlango. Fundi alimwonyesha wa karakana. Dodoso alijifunga mtandio wake vizuri, polepole, kama mtu asiyefukuzwa na yeyote.

"Nakwenda kwa sababu una hasira. Usije ukadhani umeniacha. Kuachwa kunataka wawili wakubali, na mimi sijakubali."

Alilia alipofika kona ya barabara, na hata hapo alilia akitembea.

*

Mkufunzi wa Dodoso alikuwa mwanamke wa haki, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kumpinga. Alimsikiliza Dodoso mpaka mwisho, akavua miwani, akamwambia mambo kwa mpangilio. Kwanza, huo wakati wowote wa kujitoa una mwisho, nao ulikwisha siku maneno yalipochambuliwa. Mama alielezwa hivyo na akaridhia. Pili, maneno yale yakisikika barazani, wakuu wa zahanati hawatalala, na huenda kuna binti mmoja atakayefika kwa wakati kwa sababu yake. Tatu, alisema huku akishusha sauti, mapenzi hayakatazwi, lakini yana subira. Mwache huyo kijana mpaka kazi iishe, kisha mrudie. Nani atajua?

"Mimi nitajua," Dodoso alisema.

"Ukiyaondoa, utabaki na nini cha kusoma?"

"Pengo. Nitalisoma hilo pengo."

Mkufunzi alimtazama sana. "Mwanangu, mkono mtupu haulambwi. Ukisimama na ripoti yenye shimo, cheti cha mafunzo utakisikia kwa wenzako. Utarudia mazoezi yote, mtaa mwingine, kuanzia mwanzo."

"Mwalimu, ninyi ndio mliotufundisha kwamba maneno ni ya mwenyewe. Kama ni yake siku anapotupa, ni yake pia siku anapoyataka. Kama sivyo, tuwaambie watu tangu mlangoni kwamba tumekuja kuchukua."

Alitoka kabla hajajibiwa, kichwa kikiwa juu. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kushonea, akakiweka kinasa sauti juu ya cherehani, kati ya kola na vifungo, na kumwambia mama kwamba maneno yake yamo humo na hayapo kwingine popote, hata kwenye karatasi. Mama alitaka kuhakikisha. Dodoso akabonyeza, na sauti ya mama ikajaa chumba, ikilitaja jina la utani la binti yake, jina ambalo halikutajwa ndani ya nyumba ile tangu msiba.

"Zima," mama alisema. Kisha: "Futa."

"Bonyeza wewe mwenyewe, mama."

Kidole kilichozoea kusukuma kitambaa chini ya sindano kilisita juu ya kitufe kile kidogo. Kikabonyeza.

"Basi?"

"Kwenye mashine, basi. Kichwani siwezi kufuta, sitakudanganya. Ila kunyamaza naweza."

Mama aliivuta karibu sketi aliyokuwa akiishona. "Na mwanangu?"

"Huyo nilishakujibu."

*

Siku ya baraza ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Viti vya mbele, alivyovivalisha Fundi, walivikalia wakuu wa zahanati na wakufunzi. Mama yake Fundi alikaa upande wa kina mama, mjomba kando yake. Fundi mwenyewe Dodoso hakumwona, na aliapa moyoni kwamba hatamtafuta kwa macho. Macho hayakusikia kiapo. Yalimpata nyuma kabisa, ameegemea mlango, mikono kifuani.

Kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeutilia maanani. Kila mtafiti, kabla ya kusoma, alitakiwa kusema mbele ya watu kama ana uhusiano wowote na mtu wa mtaa unaoweza kuipindisha kazi yake. Wenzake wote walisimama wakasema sina, wakaendelea. Zamu ya Dodoso ilipofika, aliinua uso.

"Mimi ninao. Nampenda mwanaume wa mtaa huu. Nilimpenda kazi ikiwa imefika katikati, na sikusema siku ile ile kama nilivyotakiwa. Hilo ni kosa langu. Kumpenda si kosa."

Ukumbi ulivuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Mtu mmoja alitaka atajwe, na wengine wakapokea, atajwe, atajwe. Mkufunzi alifunika macho kwa kiganja.

"Sitamtaja," Dodoso alisema. "Mimi nasema langu. La kwake ni lake."

Akasoma. Alisoma ya umbali na ya usafiri, ya wauguzi wanaowatukana wenye uchungu, na wakuu wa mbele wakajikuna shingo. Alipofika katikati akaishusha karatasi.

"Hapa palikuwa na maneno ya mama mmoja. Ndiyo yaliyokuwa moyo wa kazi hii. Ameyataka, nimemrudishia, kwa hiyo hapa sina cha kusoma. Hakuna aliyeyasikia kutoka kwangu. Yuko mtu mmoja aliyekuwa na haki kuliko wote ya kuniuliza, ambaye ningempa macho yangu akiyahitaji. Naye pia sikumwambia. Kama mnaona nimeiharibu kazi yenu, mna haki. Ila siku nyingine akija mtafiti kwenu, mtajua kwamba mlango wa kutokea upo."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliangaliana, na Fundi akajitoa mlangoni. Alipita katikati ya viti, mwendo wa mtu anayebeba kitu kizito bila kutaka kusaidiwa, mpaka akasimama karibu na kina mama.

"Ni mimi," aliuambia ukumbi. "Mlitaka jina, mimi ndiye. Anayeandika na aandike." Watu wakacheka, naye hakucheka. Alimgeukia mama yake, sauti ikashuka, na bado wote waliisikia. "Mama, yeye sitamuuliza tena. Nitakuuliza wewe, na ukikataa nitanyamaza. Lakini huyu sitamwacha, ukinijibu au usiponijibu."

Mama alikaa vile vile mpaka mtafiti wa mwisho aliposoma, mpaka wakuu walipoondoka, mpaka Mkufunzi alipopita karibu na Dodoso, akamwambia kwamba cheti hakipo, kisha akamshika bega kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumwambia mtu habari mbaya. Ukumbi ukabaki na watu watatu na mjomba, na mjomba, kwa mara ya kwanza maishani, alijiondoa bila kuambiwa.

"Keti," mama alimwambia Fundi. Fundi akaketi. "Siri anayoijua mgeni na mwanangu haijui, aibu hiyo si ya mgeni. Nitaisema mara moja. Usinikatize."

Dodoso alikwisha kuchukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi wewe?" mama aliuliza.

"Yangu nilishaisikia, mama. Hii ni ya kwake."

Alitoka akaketi kwenye ngazi za mbele za ukumbi, mchana kweupe, mahali ambapo kila anayepita barabarani angemwona. Nao wakapita, na wakamwona. Wengine walipunguza mwendo, wanawake wawili walinong'ona, kijana wa baiskeli akapiga kengele bila sababu. Angeweza kuzunguka nyuma ambako palikuwa na kivuli. Hakuzunguka. Aliwatazama wote usoni mmoja mmoja, na waliosalimia aliwaitikia.

Fundi alipotoka macho yalikuwa mekundu. Hakusema alichosikia, naye Dodoso hakumtazama kwa namna ya kuuliza. Fundi alijishusha kando yake kwenye ngazi, akamlazia kichwa begani, hapo hapo mbele ya barabara nzima, na Dodoso akaupitisha mkono wake mgongoni mwa mwanaume yule, akaubakiza hapo. Walikaa hivyo. Waliopita wakapita.

Nyuma yao mlango uligonga. Mama alisimama ngazi ya juu akijipangusa uso kwa upindo wa kanga. Aliwatazama, akaitazama barabara iliyokuwa ikiwatazama, kisha akashuka mpaka akawapita. Chini ya ngazi akageuka.

"Dodoso. Wazazi wako hupatikana nyumbani siku gani?"

Dodoso alijibu upesi. "Siku yoyote, mama."

"Mimi sijasema nitakwenda," mama alisema, akaanza kutembea. "Nimeuliza tu."